Sauti ya Shangazi

"Niambie neno moja jipya," Inspekta alisema. "Hilo la 'si mimi' nimeshalisikia mpaka limechuja."

Mwanamke aliyekuwa mbele yake alikaa kwenye ukingo wa kochi la kijani ambalo watu walilijua kuliko makochi ya nyumbani kwao. Hakuvaa ile miwani mipana kama visahani, wala ule mtandio wa njano. Bila vitu hivyo viwili Shangazi Vituko alikuwa msichana mkubwa tu, mwembamba, aliyetafuna kucha zake mpaka nyama.

Mwaka mmoja nyuma isingewezekana kumkuta nyumbani kirahisi hivi. Alikuwa akitoa video fupi fupi akiigiza shangazi mmoja mwenye umbea, anayeingia nyumba za watu bila hodi, anatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba, kisha anacheka. Kicheko chenyewe ndicho kilichomtajirisha. Kilianza kwa kuvuta pumzi, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni, halafu kikateremka kidogo kidogo mpaka kikaishia kifuani. Wanafunzi walikiiga darasani. Wazee walikiweka kiwe mlio wa simu.

Halafu ikatoka ile klipu.

Haikuwa na picha zaidi ya sura ya Shangazi iliyogandishwa. Ilikuwa sauti tu. Mama mmoja aliyefiwa na binti yake alikuwa amemwandikia Shangazi ujumbe wa faragha, kwamba mtoto wake alikuwa akitazama video zile hospitalini, na kwamba yeye mwenyewe bado anazifungua jioni ili nyumba isiwe kimya. Kwenye klipu sauti ya Shangazi iliusoma ujumbe ule neno kwa neno, ikamtaja mama wa watu kwa jina, kisha ikasema: "Sasa mimi nifanyeje, mama? Nimfuate kaburini nikamchekeshe? Wengine bwana, wakikosa wa kulia naye nyumbani, wanakuja kunililia mimi kwenye simu!" Na kile kicheko kikafuata.

Watu hawakusubiri maelezo. Wafuasi walimkimbia kama nyumba inayoungua. Kampuni ya sabuni aliyokuwa akiitangaza ikang'oa picha zake mabarabarani. Mtu akaja na kopo la rangi akaandika tusi kwenye geti, na hakuna jirani aliyejitolea kulifuta. Mama mfiwa alikwenda polisi kulalamika kwamba siri yake imeanikwa na amedhalilishwa. Akaunti iliyorusha klipu ilikuwa imefunguliwa kwa laini iliyokwisha kuzimwa, kwa hiyo faili likamwangukia Inspekta likiwa na mshukiwa mmoja tu, naye ni yule ambaye kila mtu alikuwa ameshamhukumu.

"Mtaalamu wetu wa sauti ameleta jibu," Inspekta alisema.

Shangazi alinyanyua macho. "Amesemaje?"

"Si mashine. Hakuna kompyuta iliyobuni sauti ile, wala hakuna aliyeunganisha vipande vya video zako. Ni mtu amekaa na simu, akasema kuanzia mwanzo mpaka mwisho kwa pumzi zake mwenyewe."

Inspekta alitegemea abishe. Kila aliyewahi kubanwa na mtaalamu mbele yake alimwita mtaalamu mwongo. Huyu aliinamisha kichwa tu, kama aliyeambiwa habari aliyokuwa akiijua.

Inspekta alisimama akazunguka chumba. Taa za kurekodia zilikuwa zimeanza kushika vumbi. Juu ya meza ya kujipodoa, nyuma ya makopo ya poda, palikuwa na chupa ya dawa ya kusukutua koo, karibu kuisha, na kibandiko cha duka la dawa kikiwa na tarehe ya wiki ile ile ya klipu.

"Ulikuwa unaumwa?"

"Kikohozi kidogo." Jibu lilitoka haraka mno. Shangazi aliinuka, akaichukua chupa na kuitia kwenye droo, kama mwenyeji anayeficha vyombo vichafu.

* * *

Mikasi ndiye aliyekuwa akihariri video za Shangazi, na jina hilo alipewa kwa ajili ya kukata. Inspekta alimkuta studio ya mshindani wa Shangazi, chumba chenye kiyoyozi kikali, amevaa koti zito kama yuko safarini. Alikuwa amehamia huko siku chache baada ya klipu kutoka. Alikuwa na ufunguo wa nyumba ya Shangazi, alijua kufungua simu yake, na alikuwa na rekodi zake zote ghafi. Njiani Inspekta alikuwa ameshaanza kumwona na pingu.

"Ulikuwa ukimwonea wivu?" alimuuliza, bado hajakaa.

"Sana tu, afande," Mikasi alisema. "Nani asingemwonea? Mimi nakata mpaka macho yanavimba, yeye anashangiliwa. Nikiingia naye dukani watu wananipa simu niwapige picha naye. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi ni nani."

"Hiyo ni sababu nzuri."

"Sababu ninayo. Uwezo sina. Ningeitoa kwenye rekodi zetu, mtaalamu wenu angeona palipounganishwa. Hamkuona, sivyo?"

Inspekta alivuta kiti akakaa.

"Halafu si kweli kwamba nilihama," Mikasi aliendelea. "Nilifukuzwa. Muulize kwa nini hakuwaambia watu hilo."

"Nakuuliza wewe."

Mikasi aliondoa mikono kwenye kibodi. "Wiki ile Shangazi hakuwa na sauti, afande. Hakuwa na sauti kabisa. Koo lilivimba, daktari akamkataza hata kunong'ona. Alikuwa akituongoza kwa mikono kama trafiki. Video zilizotoka siku zile ni za akiba, tulizipiga zamani. Klipu ilipotoka mimi nikafurahi. Nikamwambia, twende hadharani, daktari aseme, jambo liishe leo leo. Akanitazama kama nimemtukania mama yake. Akaniambia nichukue begi langu niondoke."

"Ulikuwa na dawa ya kumwokoa, akakufukuza."

"Ndiyo hivyo. Nimelala nayo, nimeamka nayo, sijaielewa."

Inspekta aliitazama simu yake, akaiweka klipu. Waliisikiliza wote wawili. "Mliwahi kufanya shindano la kumuiga," alisema. "Katika wale, hakuna aliyeweza hivi?"

"Hakuna. Walituma mamia, nikawasikiliza wote. Mwigaji anajulikana, afande. Anatia chumvi. Anavuta neno kidogo, anacheka kwa nguvu kidogo, anataka umtambue. Hata Shangazi mwenyewe anatia chumvi, ndiyo kazi yake." Alirudisha klipu nyuma, akaisikiliza tena, uso umekunjamana. "Hii haina chumvi. Mara ya kwanza kuisikia, Mungu anisamehe, nilijisemea, leo Shangazi kaigiza vizuri kuliko siku zote."

Inspekta aliyapanga maneno hayo kichwani. Sauti isiyo ya mashine, isiyo ya Shangazi, na isiyo ya mwigaji. Ilibaki njia moja tu: kwamba mwigaji alikuwa Shangazi, na kwenye klipu alisema yule aliyekuwa akiigwa.

"Alipokuwa hawezi kusema," aliuliza, "ujumbe wa wafuasi alikuwa akisomewa na nani?"

"Dada yake. Yule msusi. Alikuwa akimletea supu, anakaa naye, anamsomea." Mikasi alicheka kidogo. "Mwanamke mpole huyo. Sijawahi kumsikia akisema zaidi ya 'karibu' na 'haya'."

* * *

Saluni ilikuwa na viti viwili na kioo kirefu chenye ufa kwenye kona. Msusi alikuwa akimalizia kichwa cha mteja mnene aliyejaa kiti chote. Alikuwa mkubwa kwa mdogo wake kwa miaka mingi, mwenye vidole vya haraka na mdomo uliofungwa. Inspekta alijitambulisha, akaweka simu yake juu ya meza katikati ya machanuo.

"Nitarekodi tunayozungumza. Una neno?"

"Rekodi tu." Sauti ilikuwa ya chini na bapa, kama ya mtu anayesoma tangazo.

"Umekuja wakati mbaya," mteja alidakia. "Siku hizi kapooza huyu, afande! Zamani ukija kusuka hapa unatoka umevunjika mbavu."

"Zamani gani?" Inspekta aliuliza.

"Ah, kabla mdogo wake hajawa maarufu."

"Inamisha kichwa," msusi alisema, "nisije nikakuchomoa sikio."

Mteja aliinamisha. Alipokwisha kusukwa, akalipa, akajitazama kiooni mbele na nyuma, akaondoka. Msusi alianza kufagia nywele sakafuni.

"Mdogo wako ana kipaji," Inspekta alisema.

"Wanasema."

"Wewe husemi?"

"Mimi ni dada yake. Nikimsifu mtasema undugu, nikimponda mtasema wivu."

"Basi tuache hayo. Nimekuja kukupa habari njema umfikishie. Tumempata aliyesema kwenye klipu." Inspekta alinyoosha mkono akabonyeza simu. Ilikuwa ni rekodi ya msichana aliyeshinda lile shindano la waigaji, ambayo Inspekta aliiomba kwa Mikasi. Sauti ilijaa saluni, ya juu, ya kuvuta, na kicheko kama cha kuku aliyekanyagwa. "Msichana huyu. Mtaalamu anasema hakuna anayempita isipokuwa Shangazi mwenyewe."

Fagio lilisimama.

"Huyu?" msusi aliuliza.

"Huyu. Kwa kweli anamuiga barabara."

"Huyu ana mafua."

"Wewe ungeweza kumzidi? Sidhani. Si kitu cha kila mtu. Shangazi amekibuni mwenyewe, kila neno, kila..."

"Amekibuni?" Msusi aliliegemeza fagio ukutani taratibu. Alishika kiuno kwa vidole viwili tu, kidole gumba kikiangalia mbele, vile vile kama kwenye video, na bega la kushoto likashuka. "Amekibuni lini, mwanangu? Amekibuni akiwa wapi, kwenye nepi? Hebu sogea hapa nikutazame. Afande mzima, umevaa suruali imepigwa pasi mpaka inakata mboga, halafu unadanganywa mchana kweupe na mtoto anayelia kama paka kwenye ndoo?"

Na akacheka. Ile pumzi ya kuvutwa, kisha kushuka, kidogo kidogo, mpaka kifuani. Haikuwa na chumvi hata chembe. Inspekta, ambaye alikuwa amekuja kuisikia, alijikuta midomo yake ikitaka kutabasamu na ikabidi aikaze.

Msusi aliitazama simu iliyokuwa mezani.

"Nilijua unanitega," alisema. Sasa hakujisumbua kuificha sauti. "Tangu ulipoanza na 'barabara' nilijua. Lakini we acha tu. Kuna kitu kilinipanda."

"Keti."

"Nitakaa. Nitakwambia." Alikaa kwenye kiti cha wateja, uso kwa uso na kioo. "Unajua inavyokuwa? Umesimama hapa unamsuka mtu. Anakuonyesha simu, anakwambia, 'Mdogo wako huyu, Mungu kampa!' Unatazama, unajiona. Namna ninavyoshika kiuno. Maneno niliyomwambia shemeji yangu siku ya harusi. Hata ninavyopiga chafya. Na hakuja kuniomba, hata kwa mzaha. Nikasema haya, ni mdogo wangu, nimemlea, ale. Halafu siku moja nacheka hapa na mteja, cheko langu la siku zote, akaniambia, 'Kumbe na wewe unamuiga mdogo wako! Ila bado hujafika.'"

Alivuta uzi mmoja wa nywele uliobaki kwenye mkono wa kiti, akauzungusha kidoleni.

"Tangu siku ile nimekuwa nikisema kama maiti. Sauti yangu mwenyewe naionea aibu."

"Ndipo ukaitumia kumwangusha."

"Alikuwa amelala, hana sauti. Mimi ninayo. Nikajisemea, leo tuone ni ya nani."

"Na yule mama?"

Msusi aliufungua ule uzi kidoleni, akaudondosha sakafuni. "Sikumfikiria," alisema. "Nilitafuta kitu kibaya cha kusema, ujumbe wake ndio uliokuwa juu."

* * *

Kituoni aliwaweka katika chumba kimoja, meza katikati. Mdogo aliingia, akamwona dada yake, na hakushangaa. Inspekta alikuwa amekwisha kujua kwamba hatashangaa.

"Ulimtambua siku ile ile ilipotoka," alimwambia. "Ulikuwa na daktari wa kukusafisha, ukamfukuza Mikasi asiseme. Nilidhani unamlinda dada yako."

"Namlinda."

"Mwongo," dada alisema kwa upole.

Mdogo aligeuka. "Ulitaka nifanye nini? Nisimame niseme si mimi, ni dada yangu, anasema hivyo tangu nizaliwe? Wangeniuliza sasa wewe ni nani. Ningejibu nini?" Alimgeukia Inspekta, mikono juu ya meza, zile kucha zilizotafunwa zikionekana zote. "Funga jalada, afande. Andika ni mimi niliyesema. Nitasaini. Watu wananichukia tayari, hakuna kitakachoongezeka."

"Msikilize huyo!" dada alisema. "Umemsikia, afande? Hata uovu wangu anautaka. Nimefanya jambo moja tu kwa jina langu maishani, na hilo nalo analitaka! Hapana. Niandike mimi. Nipeleke mahakamani, niseme mbele ya watu, wasikie kwa masikio yao."

"Wewe unataka jukwaa."

"Na wewe umelikalia peke yako!"

"Nyamazeni wote," Inspekta alisema. "Kesi hii si ya mmoja wenu. Mlalamikaji yuko nje."

Alifungua mlango. Mama mfiwa aliingia amebeba mkoba kwa mikono miwili mbele yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, viatu vya ofisini. Inspekta alimweleza kwa maneno machache nani alisema nini, na sauti ilikuwa ya nani. Yule mama alisikiliza bila kukatiza. Alimtazama mdogo, halafu mkubwa. Hakutukana. Inspekta aliona dada akijikunja kidogo kidogo kitini, kama anayesubiri kofi ambalo haliji.

"Nina swali moja," mama alisema. "Kile kicheko. Binti yangu alikuwa akikingojea. Dawa zilikuwa zikimchosha, hawezi hata kushika kijiko, lakini kikifika pale, anacheka nacho. Nataka tu kujua ni cha nani. Nani alikuwa akimchekesha mwanangu?"

Mdogo alizificha kucha zake chini ya meza. Alimtazama dada yake. Hili ndilo swali ambalo dada alikuwa amelisubiri miaka yote, limekuja mbele ya polisi na mashahidi, na halikuwa na mpinzani.

Dada alifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, macho yalikuwa yamelowa.

"Si changu," alisema. "Ni cha mama yetu. Yeye ndiye aliyekuwa akicheka hivyo."

Mdogo alimsogelea dada yake, kiti kikikwaruza sakafu.

"Mama?" alisema. "Mama yetu alikuwa akicheka hivi?"

"Alipofariki wewe ulikuwa hata hujaota meno. Hukumbuki."

"Nimecheka vile miaka yote hii, kila siku, nyumbani kwangu, mbele yako. Nilidhani nimekuibia wewe. Hukuweza kuniambia hata siku moja kwamba ni mama?"

"Wewe ulipata kila kitu," dada alisema. "Hicho nilitaka niwe nacho peke yangu."

Mama mfiwa alisimama. Aliurekebisha mkoba begani, akakaza kifungo chake. "Poleni kwa mama yenu," alisema, na alimaanisha. Kisha akamgeukia Inspekta. "Malalamiko yangu yabaki pale pale. Sifuti." Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake taratibu, kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

Inspekta alikaa upande wa pili wa meza, akafungua kalamu. Dada alisogeza kiti chake karibu, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono.

Mdogo hakuondoka. Alikuwa bado amemkazia macho.

"Dada," alisema, sauti ndogo, sauti ambayo Inspekta hakuwahi kuisikia kwenye video yoyote. "Alikuwa akicheka nini? Vitu gani vilikuwa vinamchekesha?"

Dada alimtazama kwa muda mrefu. Midomo ilisogea kidogo, kama inayoonja neno. Kisha akaifunga, akamgeukia Inspekta.

"Tuendelee, afande," alisema. "Uliza."